Niliandika kwenye dissertation ya masters kuwa nimelelewa kando ya Ziwa Nyasa. Sikulelewa huko, na uongo huo ulinifuata hadi mlangoni mwa PhD

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko ofisini mnaosoma kwa kificho bosi asione, na mlioko shambani mliokaa kidogo kupumzisha mgongo.

Jukwaa hili la elimu nimelisoma miaka mingi nikiwa mpita njia tu. Kila wiki naona mtu anauliza, "Nimemaliza masters, PhD naanzaje?" Majibu yanakuwa GPA, proposal, supervisor. Hayo yote ni kweli. Ila kuna jambo lililonikwamisha mimi ambalo sijaona mtu akilitaja, ndiyo maana leo nimefungua uzi.

Vyuo sitavitaja na majina ya watu nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea. Pale nilipoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo, kwa hiyo wale wa kutukana karibuni, ila mmalize kusoma kwanza.

Haya, twende.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbinga, nafundisha Historia na Uraia. Ni Mmatengo wa Mbuji, huko milimani kwenye baridi, kahawa na maharage.

Kwa ambao hamjafika huku: Ziwa Nyasa liko chini kabisa. Kutoka Mbinga mjini unateremka na gari, kona juu ya kona, mpaka Mbamba Bay. Sisi wa milimani na wale wa ziwani ni majirani na tunataniana sana. Wao wanasema Mmatengo anaogopa maji hata ya kunawa uso. Sisi tunasema wao jembe hawajui linashikwa upande gani.

Masters niliifanya Dar, Mahusiano ya Kimataifa. Mada yangu ilikuwa ule mvutano wa mpaka wa ziwani kati yetu na majirani zetu wa Malawi. Nilikesha na mikataba ya enzi za Wajerumani na Waingereza, ramani za kila rangi, hotuba za viongozi. Bila kujisifu sana, ilikuwa kazi nzuri. Nilipata A.

Tatizo lilikuwa ukurasa mmoja tu. Ukurasa wa shukrani.

Sasa hapa lazima nieleze ilivyoanza, msije mkadhani mimi ni tapeli wa kuzaliwa.

Ukiwa Dar ukasema unatoka Mbinga, mtu anakuuliza, "Mbinga ndiyo wapi, Mbeya?" Ukisema Mbuji ndiyo kabisa, anabadilisha maongezi. Lakini ukisema Ziwa Nyasa, watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Darasani kwetu mhadhiri mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu, "Kwa hiyo wewe ni mtu wa ziwani?" Nikajibu, "Ndiyo."

Sikuona ubaya. Nilijitetea moyoni kwamba zamani, kabla Nyasa haijawa wilaya yake, sisi wote tulikuwa wilaya moja ya Mbinga. Kwa hiyo ziwa lilikuwa la wilaya yangu. Mtu anayesomea mipaka anajitetea kwa mipaka ya wilaya, mnaona wenyewe.

Kutoka siku hiyo nikawa "mtu wa ziwani". Wenzangu wakinipigia simu wananisalimia, "Vipi, samaki wanasemaje?" Nami najibu wazima. Ukweli ni kwamba mpaka umri ule ziwa nilikuwa nimeliona mara tatu, zote kwa ziara za shule, na sikuwahi kulala huko hata siku moja. Kuogelea sijui mpaka leo.

Ilipofika kuandika shukrani, mkono ukawa mwepesi. Niliandika kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: "Namshukuru marehemu mama yangu, aliyenilea kando ya Ziwa Nyasa, ambako kila asubuhi niliuona mpaka huu kwa macho yangu mwenyewe."

Nikaisoma, nikaona imekaa vizuri. Nikaenda kuifunga jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu.

Nakala moja nilimpelekea mzee wangu Mbuji. Baba ni mkulima, Kiingereza hajui. Alinawa mikono kwanza ndipo akaipokea. Akaiweka kwenye kabati la sebuleni, karibu na kitabu cha sala, na kila mgeni akifika lazima aonyeshwe. Mimi nilijisikia raha sana siku ile.

Miaka miwili ikapita. Nikaanza kutafuta PhD.

Nilituma concept note kwa Profesa mmoja mama, wa chuo kingine, mtu mwenye jina kubwa kwenye fani yetu. Niliambatanisha na dissertation. Sikutegemea ajibu. Baada ya wiki moja simu inaita, niko stafu na wenzangu tunasahihisha madaftari.

"Mwalimu Ndunguru? Nimesoma kazi yako."

Nilitoka nje mbio, kalamu nyekundu bado mkononi.

Akaniambia, "Dissertation za mpaka huu nimesoma nyingi mno. Wote mnasoma ramani zile zile. Yako imenisimamisha kwa sababu ya ule ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyelelewa pale pale, na mama wa pale pale. Huyo ndiye ninayemtafuta."

Wakuu, niseme nini? Mtu anakupenda kwa kitu ambacho huna.

Akaendelea kwamba nafasi ya kusimamia mtu mmoja anayo mwaka ule, na angependa iwe yangu. Ila kwenye proposal niongeze sehemu inayoeleza mimi ni nani mbele ya utafiti wangu. Wasomi wanaiita positionality. Kurasa kama sita: utoto wa ziwani, familia, ndugu wa ng'ambo, jinsi watu wanavyouishi mpaka. Wiki nne, halafu usaili.

Hapo ndipo nilipaswa kusema, "Profesa, kuna kosa pale." Sekunde tatu tu zingetosha.

Nikasema, "Sawa, Profesa. Nashukuru sana."

Nilirudi stafu nikakaa. Nafasi ya PhD niliyoiota tangu nikiwa kidato cha sita ilikuwa mkononi, na imesimama juu ya uongo. Ningesema ukweli, naipoteza. Nikinyamaza, lazima nitengeneze utoto mzima.

Nikachagua kutengeneza utoto.

Shuleni nina rafiki, Mwalimu Haule, mwenyeji wa Liuli, ufukweni kabisa. Nikamwambia nataka kwenda kutulia kwao likizo ya mwezi wa sita niandike. Hakuuliza mengi, akampigia mama yake. Siku ya pili ya likizo nikateremka na mkoba, laptop na koti kubwa, ambalo nikifika kule nililivua na sikulivaa tena kwa lile joto.

Mama yake Haule wanamwita Mama Agnes, kwa jina la binti yake mkubwa. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, ana sauti ya kusimamisha boti. Kazi yake ni usipa, yaani wale dagaa wa Nyasa. Ananunua kwa wavuvi asubuhi, anaanika kwenye chanja, anauza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye mwalimu? Karibu. Haule kasema umekuja kuandika."

"Ndiyo mama. Nimekuja kulijua ziwa."

Akaniangalia viatu vyangu vya ngozi vilivyozama mchangani, akacheka. "Anza kwa kuvua hivyo."

Chakula cha mchana alinipikia mbasa. Nilipokuwa namchambua yule samaki mwiba kwa mwiba kama mtu anayetegua bomu, akasema, "Taratibu Mmatengo, hilo siyo harage." Nyumba nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, ila moyoni nikajiuliza, kama kaniona kwenye samaki mmoja, Profesa ataniona wapi?

Siku zilizofuata niliishi vizuri kuliko nilivyostahili. Asubuhi nilimsaidia kuanika. Usipa lazima watandazwe wasilaliane, wageuzwe, na kunguru wafukuzwe. Wingu likitokea, kila mtu anakimbilia chanja. Jua likikaa sawa tunakaa chini ya paa la makuti, naye anasimulia.

Alisimulia alivyokuwa mtoto, mama yake akimpa ungo mdogo wa kwake ajifunze kuanika. Alisimulia shangazi yake aliyeolewa ng'ambo, na jinsi wakisikia msiba upande wowote watu walivyopanda boti na unga wao na kuni zao ili wasiwalemee wafiwa. Alisimulia kwaya iliyokwenda ng'ambo kuimba sikukuu ikarudi na mabibi harusi wawili.

Mimi naandika. Kila jioni kabla giza halijaingia nafungua laptop, nasafisha, napanga. Na pale aliposema "mama yangu", naandika "mama yangu". Pale aliposema "shangazi yangu", naandika "shangazi yangu". Sikuhitaji hata kubadilisha neno.

Siku ya tisa, kama saa nne asubuhi, tumemaliza kuanika, akaniambia, "Mwalimu, unaandika wiki nzima. Nisomee basi nisikie."

Sikujua nimkatalie vipi mtu aliyenilisha siku tisa. Nikafungua, nikawa natafsiri taratibu.

"Nilipokuwa na miaka saba, mama yangu alinipa ungo mdogo, akanifundisha kuanika usipa..."

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni... ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ndivyo proposal inavyotaka, mama. Wanataka mtu wa ziwani."

Akaondoa usipa mmoja aliyelalia mwenzake, akamweka pembeni. Halafu akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Mama yako yupo?"

"Alishafariki, mama. Mwaka wa kumi huu."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alilima. Maharage, mahindi, kahawa ya baba."

"Basi wewe umemtoa mama wa watu kaburini ukampa kazi yangu. Ile kazi aliyoifanya yeye mpaka ukawa mwalimu, umeipeleka wapi?"

Wakuu, nimewahi kuhojiwa na maprofesa watatu kwa saa mbili kwenye viva. Hakuna aliyeniuliza swali kama lile.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi hujanikosea sana, hadithi zangu hata kunguru wanazijua. Nenda kamwombe baba yako." Halafu akaenda jikoni kuendelea na shughuli zake. Nilikaa pale peke yangu, kunguru wakawafaidi usipa mpaka aliponipigia kelele nifukuze.

Nilifuta zile kurasa sita. Zote. Kesho yake nikaaga. Alinifungia usipa kwenye mfuko, akasema, "Mpelekee baba. Mwambie wametoka kwangu, usije ukamwambia umevua wewe."

Huyo ndiye Mama Agnes. Alinicheka, akaniumbua, na sijawahi kupata mtu aliyenitendea wema kama ule.

Nilipanda Mbinga, nikachukua bodaboda mpaka Mbuji. Mwezi wa sita kule ni baridi ya kugonganisha meno. Nilimkuta mzee jikoni anaota moto, ametoka kuchuma kahawa. Tukasalimiana, nikatoa usipa, tukaulizana habari za huku na huku. Sikutaka kuzungushazunguka.

"Baba, kile kitabu changu kabatini, kuna uongo ndani."

"Ule wa ziwani?" akasema.

Nikamgeukia.

"Unaujua?"

"Katekista alinisomea. Wiki ile ile uliyokileta. Nilimwomba anisomee pale ulipomtaja mama yako, akanisomea kwa Kiswahili."

Miaka miwili, wakuu. Miaka miwili mzee anajua. Miaka miwili anawaonyesha wageni kile kitabu, anakifuta vumbi, na ndani yake mtoto wake kaikana nyumba.

"Sasa baba, mbona hukuniambia?"

Akasogeza kuni. "Nilidhani chuo ndicho kilichotaka muandike hivyo. Nikasema, kama ndiyo njia ya mtoto kupita, apite."

Halafu akasema, siyo kwa kunilaumu, kwa kukumbuka tu, "Ila mama yako hata Mbamba Bay hakuwahi kufika."

Nililia. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa nidhamu, nalia mbele ya baba yangu jikoni, na moshi haukuwa na kosa lolote.

Kesho yake asubuhi alinichukua shambani, kwenye ngolo. Kwa wasiozijua, ngolo ni vile vishimo vya Wamatengo vinavyolimwa kwenye mteremko mkali. Majani yanafyekwa na kulazwa miraba, yanafunikwa udongo, shimo linabaki katikati. Mvua ikinyesha maji yanatulia humo, udongo haukimbii. Wanaume tunafyeka na kulaza majani, kufukia udongo ni kazi ya wanawake tangu zamani. Baba akanionyesha upande aliokuwa akilima mama nikiwa mgongoni mwake. Nilipita hapo maisha yangu yote sikuwahi kuuliza.

Nikamuuliza maharage yetu yanakwenda wapi. Akasema, "Kwa Mzee Saidi, mjini. Baada ya hapo yanateremka. Wanasema yanavuka."

"Yanavuka ziwa?"

"Ndiyo. Tangu mama yako angali hai."

Kumbe. Mimi nimeandika kurasa mia na ishirini za mpaka, na sikujua kwamba maharage ya mama yangu yalikuwa yanauvuka.

Mzee Saidi ana duka la nafaka Mbinga mjini, asili ya babu zake ni Kilwa. Nikampitia. Baada ya salamu na chai nikamuuliza, "Mzee, serikali zikinuniana juu ya ziwa, maharage yanafanyaje?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Yanasubiri kidogo, Mwalimu. Halafu yanapanda boti." Akaanza kunieleza nani anampigia nani simu, nani anaaminiwa na upande upi, na nini kinafanywa mzigo ukikwama. Nikaona swali la PhD limekaa mbele yangu kwenye mizani ya duka. Lilikuwa swali la kwetu milimani, la wakulima wanaokula kutokana na mpaka ambao hawajawahi kuuona.

Lakini kwanza nilikuwa na deni la ukweli.

Jioni ile niliandika email. Nilimwambia Profesa sikulelewa ziwani, mama yangu alikuwa mkulima wa Mbuji, na kwamba alipopiga simu nilipata nafasi ya kusema nikanyamaza. Sikuweka visingizio. Nilikuwa nimeandika aya moja ya visingizio kuhusu wilaya ya zamani, nikaifuta. Nikabonyeza send, nikaenda kufua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi.

Siku tano kimya. Ya sita akajibu, mistari michache. Kwamba ameumia. Kwamba mwaka ule hatanisimamia, nafasi anampa mtu mwingine. Kwamba kabla ya lolote nikasahihishe nakala iliyoko maktaba ya chuo nilikosoma masters. Nikitaka kuomba tena mwakani niombe kama mtu asiyemjua, naye atasoma kama msomaji mwingine yeyote.

Nilikaa nayo ile email nikaona amenitendea haki. Iliniuma, sitawadanganya. Wenzangu wawili niliowaambia walinishangaa. Mmoja alisema, "Mzee, acknowledgement? Nani anasoma acknowledgement?" Nikamjibu, "Katekista wa Mbuji."

Likizo iliyofuata nilipanda basi la Dar, nikaenda chuoni na barua. Yule afisa pale alifikiri nimekuja kulalamikia maksi. Alipoelewa akaita mwenzake, "Njoo usikie, kuna mtu amekuja kujishtaki." Wakacheka, lakini walinisaidia, Mungu awabariki. Barua ikapita kwa mkuu wa idara, wakanionya kwa maandishi, na karatasi ya masahihisho ikaingizwa kwenye nakala ya maktaba. A yangu hawakuigusa, kwa kuwa uongo haukuwa ndani ya utafiti wenyewe.

Mwaka ule mzima nilifuata maharage. Jumamosi nikiwa huru napanda na kushuka: Mbuji, Mbinga, Kitai kwa madalali wa barabarani, Mbamba Bay, mpaka Liuli kwa Mama Agnes, ambaye alinipokea kwa kuuliza, "Leo umekuja ukiwa nani?" Nikamwambia Mmatengo. "Haya, Mmatengo geuza usipa."

Nikaandika proposal upya. Nikaomba.

Usaili ulikuwa kwa Zoom. Rafiki yangu wa halmashauri, kijana wa Kigoma aliyehamishiwa huku, alinipa ofisi yake yenye mtandao mzuri, akakaa nje mlangoni kuzuia watu wasiingie. Walikuwa wanne, na Profesa yumo. Hakuonyesha kama ananifahamu.

Walinibana nadharia, wakanibana mbinu za utafiti, nikaanguka hapa nikasimama pale. Mwishoni mzee mmoja mwenye mvi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwalimu, kwenye sehemu ya positionality umeeleza lile kosa la masters. Nimelifikiria. Hakuna mtu angegundua. Ungekuwa tayari mwaka wa pili wa PhD sasa hivi. Kwa nini ulisema?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali arobaini. Hilo halikuwemo.

Nikamjibu, "Profesa, kuna mtu aligundua. Baba yangu alijua kwa miaka miwili, akaninyamazia ili nipite. Nilishindwa kumwomba aninyamazie mara ya pili."

Yule mzee akaandika kitu kwenye karatasi yake. Profesa akakohoa kidogo, akasema, "Tunashukuru, Mwalimu. Utapata majibu."

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Nimepata, na msimamizi ni yeye yule yule.

Nilimpigia simu baba. Akasema, "Mwambie huyo mama Profesa ahsante kwa kukuadhibu." Ndivyo alivyosema, kama nilivyowaandikia. Nilimfikishia Profesa, naye alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa niko mwaka wa kwanza, ruhusa ya masomo nimepewa, nasoma huku nafuata magunia. Ni ngumu, kichwa kinauma, ila nalala usingizi.

Kwa wanaotoka masters kwenda PhD, nililojifunza ni hili. Masters unaweza kuipata kwa kusoma watu wengine. PhD watakuuliza wewe umesimama wapi, na utaishi na jibu hilo miaka minne au zaidi. Ukisimama pa kuazima, mwenye pake atakuja kupadai, na afadhali awe Mama Agnes. Kijiji chako kisichojulikana Dar kina swali ambalo mwenye ramani nzuri hana. Na kama umeshaandika uongo mdogo mahali, kausahihishe mwenyewe mapema, aibu yake inabebeka. Mimi niliibeba kwa basi mpaka Dar na kurudi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wote niliowataja, na Haule ambaye mpaka leo anadai nyumba yao iandikwe kwenye PhD.

Mlioko kwenye PhD, hasa za mahusiano ya kimataifa, ile sehemu ya kujieleza nyinyi ni nani mliiandikaje? Na kuna mwingine aliyewahi kujisahihisha mwenyewe, au ni mimi peke yangu mwenye historia hii? Karibuni kwa maoni na maswali, na watani zangu wa ziwani najua mnakuja, nimeshakaa mkao wa kutukanwa.